Vidonge vya Jumatano

Kiti cha Inspekta kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na tangu ahamishiwe ofisi ile alikuwa akiukingia kipande cha kadibodi kilichokunjwa. Mchana ule kadibodi haikuwepo. Mfagiaji aliiona takataka, akaizoa. Sasa kila Inspekta alipoinamia meza kiti kilimyumbisha, naye akasonya, na Koplo aliyekuwa akiandika pembeni akajitia hamnazo.

Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye lebo ya kituo. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha kahawia na kisanduku cha plastiki cha kupangia dawa, chenye vyumba saba, kila kimoja na kifuniko chake kilichoandikwa jina la siku. Jumapili, Jumatatu na Jumanne vilikuwa vitupu. Kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi kila chumba kilikuwa na nusu kidonge cheupe, kilichokatwa sawasawa, bila unga wala ukingo uliomeguka. Inspekta alikuwa amekikodolea macho kisanduku kile mpaka akawa anakiota.

Siku ya kwanza kesi ilionekana nyepesi. Mzee mmoja mstaafu, aliyefundisha hesabu hadi mtaa mzima ukamzoea kwa jina la Mwalimu, alianguka asubuhi ya Jumamosi akifunga kamba za viatu, akakata roho kabla jirani hajapata gari. Alikuwa akiishi na mkamwana wake, fundi cherehani, mke wa mwanawe mdogo ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani huonekana kwa nadra. Baada ya mazishi mwanawe mkubwa, mtunza ghala kwa kazi, aliingia kituoni na kifurushi kilichozungushiwa mkanda wa gundi kila upande, akakibwaga kaunta. "Mzee wetu kalishwa sumu," alisema. "Ushahidi huu hapa. Nimeukuta kabatini kwa shemeji leo asubuhi." Mkamwana alilala rumande siku hiyohiyo, na huko ndiko alikokuwa mpaka sasa.

Tangu hapo Inspekta alikuwa ameambulia patupu. Alipekua jiko, akapekua cherehani, akafungua hata mito. Daktari aliyepasua maiti alisema sehemu ya moyo imekufa, na zaidi ya hapo hakuwa na la kusema. Kliniki ya moyo waliyokuwa wakiitaja ndugu ilikuwa na daktari wa zamu tu. Mwenye wagonjwa yuko likizo, na huyo wa zamu alipoulizwa habari za Mwalimu alijibu kwamba yeye hamjui na jalada limefungiwa. Kila mlango aliougonga ulifunguliwa na mtu anayesema siyo yeye.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni, kofia tayari kichwani.

"Bado tu?"

"Bado, mkuu. Nasubiri karatasi ya maabara."

"Hakimu kachoka kutuongezea siku. Kesho asubuhi umpeleke na shtaka la mauaji, au umwachie. Na ukimwachia, wewe ndiye utakayemweleza yule." Alielekeza kidole kwenye benchi la korido, ambako mtunza ghala alikuwa ameketi wima, magoti pamoja, kama alivyoketi kila siku tangu kesi ianze. Kisha mkuu akaondoka zake.

Inspekta aliinua simu akampigia mkemia. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena.

"We bwana, majibu si nimewapa mdomoni?" Mkemia alisikika ana kitu kinywani. "Hakuna sumu. Sasa mnataka nitie?"

"Na vidonge?"

"Dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Ya kawaida, ya dukani, haijachanganywa na chochote."

"Kwa hiyo ndiyo uliyoikuta kwenye damu."

"Nani kasema? Kwenye damu hakuna kitu."

Inspekta alisahau habari za kiti akaegemea, kikamyumbisha, akashika meza.

"Hakuna kitu vipi? Mzee alikuwa anaimeza kila asubuhi."

"Basi hakuimeza. Siku kadhaa, kwa nionavyo. Damu haina hata harufu yake."

"Na hukuniambia!"

"Mliuliza sumu," mkemia alisema, naye kwa haki yake akiwa amekasirika. "Karatasi yenu imeandikwa: tafuta sumu. Nimetafuta. Sikuajiriwa kubahatisha mnachokiwaza." Akakata.

Inspekta alikaa na simu mkononi. Hasira ilimpanda, ya kwanza kwa mkemia, ya pili kwake mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Muda wote huu walikuwa wakitafuta kilichoongezwa mwilini mwa mzee. Hakuna aliyeuliza kilichopunguzwa.

"Koplo, niletee yule mama."

Mkamwana aliingia na gauni alilokamatwa nalo, khanga mabegani, macho makavu ya mtu aliyekwisha lia akamaliza. Mtoto wake alikuwa kwa jirani. Kila alipoulizwa chochote alianza kwa kuuliza kama mtoto hajambo, na safari hii pia alianza hivyohivyo.

"Hajambo, nimepeleka mtu," alisema Inspekta, na ilikuwa kweli. "Kaa, dada. Hivi vidonge nani alivikata?"

"Mimi. Kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi."

"Kwa nini?"

"Nimeshasema, afande. Nimesema mpaka koo limekauka. Daktari alisema baba apunguze. Alikuwa akisimama anapata kizunguzungu, mapigo yamekuwa ya taratibu mno. Akasema msikatishe, mshuke. Kizima mmeshazoea, sasa nusu, mkirudi nitawaambia robo, halafu ndipo aache. Muulizeni daktari."

"Na nusu zilizobaki?"

"Si hizo kwenye kichupa! Za wiki inayofuata. Nitupe dawa?"

Inspekta alikisogeza kisanduku mbele yake. "Haya. Jumapili alimeza, Jumatatu, Jumanne. Jumatano mpaka Jumamosi zimo. Aliyekuwa akimpa dawa ni wewe. Ukaacha kumpa. Kwa nini?"

Alikuwa amelitegemea sana pigo lile. Mwanamke hakuyumba hata kidogo. Alimtazama kwa uchovu, kama anavyotazamwa mtoto anayerudia swali.

"Kama nilitaka kumnyima, afande, ningehangaika kumkatia?"

Koplo aliacha kuandika.

"Kisanduku kilipotea Jumanne jioni," mwanamke aliendelea. "Nilikwenda kabatini sikukiona, wala kichupa. Nikamuuliza baba. Akanambia, kiko kwangu mwanangu, kuanzia sasa nitajihudumia mwenyewe, wewe una mtoto na cherehani. Nikafurahi, nikasema baba amepata nguvu. Kila asubuhi nikimuuliza umemeza, ananambia nimemeza."

"Mbona hili halimo kwenye maelezo yako?"

"Nilimwambia huyu." Alimwonyesha Koplo kwa kidevu.

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo alitazama kalamu yake.

"Uliandika nini?"

"Niliandika... mtuhumiwa alikana, afande."

"Yote hayo ukayaandika kwa neno moja?"

"Afande mwenyewe ulisema tufupishe."

Inspekta alinyanyuka, akachukua funguo za gari na ule mfuko wa kielelezo, akatoka kabla hajasema neno ambalo angelijutia. Kwenye korido mtunza ghala alisimama kwa heshima.

"Kuna jipya, afande?"

"Kaa hapohapo. Usiende popote."

Daktari wa moyo alikuwa amerudi kazini asubuhi ileile. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, kiatu kimoja amekivua chini ya meza. Alipoona lebo ya polisi alivuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo ni kweli. Nimekuta habari kwa manesi. Mmemfunga yule binti."

"Yuko rumande, daktari. Nataka kujua kama ulimwachisha mzee dawa hii."

"Nilimpunguzia. Aliyemwachisha ni mwingine."

"Tofauti yake nini?"

Daktari alimtazama kwa muda akipima kama anachokozwa. Alipoona hachokozwi, alikiokota kisanduku, akafungua Jumatano.

"Umewahi kuegemea mlango, bwana Inspekta, mtu akaufungua ghafla kutoka ndani?"

"Nimewahi."

"Ukaenda na pua. Ndiyo hivyo. Dawa hii inauzuia moyo usikimbie. Mwili nao haukubali kuzuiwa, unasukuma upande wake, mwezi baada ya mwezi, mpaka wote wawili wanazoeana. Sasa ukiiondoa dawa mara moja, kule kusukuma bado kupo ila cha kuuzuia moyo hakipo. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Kijana mwenye mishipa mizima atahangaika, atapona. Mzee mwenye mishipa iliyoziba kama Mwalimu..." Alikifunga kifuniko. "Ndiyo maana tunashuka ngazi moja moja. Hatumruhusu mtu aruke toka ghorofani, hata kama anashuka kwenda kulekule chini."

"Nusu kidonge tu kingeleta tofauti kubwa hivyo?"

"Kwake yeye, hiyo nusu ndiyo ngazi aliyokuwa amesimama. Niliwaambia wote wawili, yeye na binti: msiache ghafla, na moyo ukienda mbio au kifua kikibana, mrudishe dawa mje mbio. Binti akanirudia maneno yangu yote, neno kwa neno. Sina wagonjwa wengi wanaotunzwa vile."

Inspekta alikuwa akigonga goti kwa kidole. "Mzee alilalamika moyo unakwenda mbio. Mwanawe mkubwa alituambia. Ndicho kilichomfanya aamini ni sumu."

"Alilalamika kwa nani?"

"Kwa mwanawe."

"Lini?"

Kidole cha Inspekta kiliacha kugonga goti. Hakuwahi kuuliza lini.

"Na hiki kisanduku," daktari alisema, akimrudishia, "kilikuwa wapi kabla ya kuwa kwako? Mngeniuliza mapema ningewaambia mtafute hilo tu. Likizo yangu ilikuwa na simu, bwana Inspekta. Hakuna aliyepiga."

Njia nzima ya kurudi Inspekta alikuwa akiendesha kwa gia moja pungufu, injini ikilalamika, naye akilalamika pamoja nayo. Mtu mmoja tu alitaja mahali kisanduku kilipokutwa. Mtu huyohuyo ndiye aliyetaja mbio za moyo. Mzee hakuwa mtu wa kudanganya, mtaa mzima ulishuhudia hivyo. Lakini alimdanganya mkamwana wake asubuhi tatu mfululizo. Mzee mkweli humdanganya mtu mmoja ili kumficha mwingine. Ila hayo yote ni mawazo, na mawazo hayapelekwi mahakamani.

Alipofika alimwita mtunza ghala ndani, akampa kile kiti kibovu kwa makusudi, yeye akakaa ukingoni mwa meza. Mtunza ghala alikaa. Kiti kikamyumbisha. Akainama, akachungulia mguu, akatoa mfukoni risiti ya zamani, akaikunja, akaikinga chini ya mguu. Kiti kikatulia.

"Huwezi kuona kitu kina kasoro ukakiacha," alisema Inspekta.

"Ndivyo nilivyo, afande. Kazi yenyewe ndivyo inavyotaka."

"Nieleze hiyo kazi. Mzigo ukiingia ghalani umefunguliwa, huwa unafanyaje?"

Uso wa mtunza ghala ulichangamka. Tangu msiba hakuna aliyemuuliza kitu anachokijua vizuri. "Kwanza unautenga. Mzigo uliofunguliwa ni mzigo ulioibwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Hauchanganyiki na mizima. Unaufunga upya kwa mkanda, pande zote, mtu asiuguse tena."

"Hata kama ndiyo umeuona sasa hivi na una haraka?"

"Hasa ukiwa na haraka! Vijana wangu nawaambia kila siku. Mzigo wenye shaka haulali rafuni hata usiku mmoja. Ukilala, kesho utakuta hata ule ushahidi umeibwa."

"Hata usiku mmoja."

"Hata mmoja, afande. Miaka yote hii sijawahi."

"Vidonge vya mzee vilivyokatwa, uliviona mara ya kwanza siku gani?"

"Jumanne. Nilipita kumsalimia, shemeji alikuwa amepeleka nguo za mteja. Nikafungua kabati nitafute sukari. Wiki ya nyuma nilikuwa nimeviona vizima, sasa nakuta nusu. Nikasema, loo, nusu nyingine inauzwa wapi? Mtu anampunja mgonjwa..."

Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe. Koplo, pembeni, safari hii alikuwa akiandika kila neno.

"Mzigo wenye shaka," Inspekta alisema taratibu, "haulali rafuni."

Mtunza ghala alitazama mikono yake.

"Ulituambia ulikikuta kabatini baada ya mazishi."

"Afande..."

"Ulikichukua Jumanne."

"Nilikichukua Jumanne," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Nilidanganya siku, sikudanganya kitu kingine. Nilikaa nikafikiri, watu watasema: ulijua tangu Jumanne kwamba baba yako anachezewa, ukamwacha nyumba ileile na mtu yuleyule. Nikaona haya. Hilo tu, Wallahi."

"Mzee alikuona ukichukua?"

"Alikuwepo. Nilimwambia, baba, usimeze chochote kitokacho mkononi mwa huyu mpaka nimpelekee mtu wa dawa avipime hivi vidonge. Akabisha kidogo, akasema daktari ndiye aliyeagiza. Nikamwambia, baba, wewe unamtetea kila siku. Nikapandisha sauti. Akasema haya, mwanangu, chukua, ila usimwambie shemeji yako, sitaki ugomvi humu ndani."

"Ukakipeleka kwa mtu wa dawa?"

"Tulikuwa tunahesabu mali, afande. Wiki nzima, ghala limefungwa, huwezi kutoka hata... Nilisema nikimaliza."

"Na alilalamika lini moyo unakwenda mbio?"

Nje mtu alikuwa akigombana na kaunta juu ya baiskeli iliyopotea.

"Ijumaa. Alinipigia simu kazini. Akasema moyo unanienda mbio, mwanangu, niletee vile vidonge vyangu. Nikamwambia, unaona? Hiyo ndiyo sumu inatoka. Vumilia mpaka kesho." Aliinua macho. "Si ndiyo sumu, afande? Maabara imesema nini?"

Inspekta alikuwa ameisubiri saa hii kwa siku zote zile za kuambulia patupu, na sasa ilipofika hakuona raha yoyote. Alitoa kisanduku na kichupa kwenye mfuko wa kielelezo, akaviweka mbele ya mtu yule, akafungua vifuniko vinne, kimoja kimoja.

"Hiki ndicho kilichokuwa kikimzuia baba yako asife," alisema. "Daktari alikuwa anamshusha polepole. Huyu dada alikata kama alivyoagizwa. Hakuna sumu. Hakuna kilichoibwa. Nusu nyingine ziko kwenye kichupa ulichokifunga mkanda wewe mwenyewe."

Mtunza ghala alikitazama kichupa. Alikipindua, akakifungua, akamimina vipande mkononi, na kwa mazoea ya kazi yake midomo ikaanza kuvihesabu bila sauti. Aliishia katikati. Alivirudisha ndani akishindwa kuilenga shingo ya kichupa, vingine vikadondokea sakafuni, naye akashuka kitini, akapiga magoti, akawa anaviokota.

"Nimfungulie shtaka gani, afande?" Koplo alinong'ona.

"La kudanganya polisi," Inspekta alisema. Lilikuwa shtaka dogo kiasi cha kuudhi, na hapakuwa na jingine. "Na kamlete dada achukue vitu vyake. Anakwenda nyumbani."

Mkamwana alipoingia alimkuta shemeji yake bado yuko chini. Alitazama kisanduku kilichofunguliwa mezani, akaitazama Jumatano na zile siku zilizofuata, na hakuna aliyelazimika kumweleza. Alijifunga khanga vizuri. Inspekta alijiandaa kwa kelele, akatamani hata zije, maana kelele alizizoea.

"Nilimkatia hivyo asidhurike, shemeji," alisema. "Ungeniuliza tu."

Mtunza ghala aliendelea kuokota. Inspekta naye aligeuka upande wa dirisha, kwa sababu neno lile halikuishia sakafuni, lilimfikia na yeye, na Koplo, na daktari wa zamu, na kila aliyemsikiliza mwanamke yule siku zote zile akaandika kwamba amekana. Baadaye alimfungulia mlango mwenyewe.

"Gari lipo nje," alimwambia. "Litakupeleka kwa mtoto."